Kutoka Kasenga hadi Katuba: wiki ya kazi mjini Lubumbashi

Kabla ya kuondoka

Binti yetu anamaliza mwaka wa nane hapa Kasenga, kando ya mto Luapula huku Kongo, na anataka kusoma biokemia. Shule yetu ina walimu wenye moyo, lakini haina maabara. Mdogo wangu anayekaa Katuba, Lubumbashi, alikuwa akituambia kila akipiga simu: "Mumulete huku, yaya, atalala na wangu." Yaya kwetu ni dada mkubwa. Mume wangu alikubali upesi. Mimi nikasema kwanza niende nikaone.

Wengi wetu huku Luapula tukienda Lubumbashi tunakwenda kwa harusi au kwa sikukuu. Mwenyeji amekopa, kuku amechinjwa, maji yamejazwa katika kila chombo, watoto wamevaa nguo za kanisa. Mgeni anarudi akisema mji ni raha tupu. Mwingine anakwenda akiwa mgonjwa, anaona hospitali na bili zake, anarudi akisema mji unaua. Nilitaka kuuona mji ambao binti yangu ataamka ndani yake Jumanne ya kawaida. Kwa hiyo nilichagua wiki ya mwezi wa sita shule zikiwa bado zinafundisha, nikapanga kufika Jumatatu, na nikamwomba mdogo wangu jambo moja kwa simu: asibadilishe chochote kwa ajili yangu. Asinunue nyama, asiazime godoro, asimkataze mtu kupiga kelele.

Kwa wanaotaka kufanya kama mimi, haya ndiyo niliyoandaa. Karata ya uchaguzi, yaani kadi ya mpiga kura, kwa sababu njiani wanauliza kitambulisho. Nakala za buletini za mtoto, zenye alama zake za shule. Dola chache nilizozilaza katikati ya daftari, maana mjini noti yenye mpasuko mdogo tu pembeni inakataliwa, hata kama ni ya halali. Franka ndogondogo za nauli, nikazitenga na pesa nyingine. Blanketi, kwa kuwa Lubumbashi iko juu kuliko bonde letu na baridi ya mwezi wa sita haina mchezo. Na mzigo wa nyumbani: samaki aitwaye pale, wa kukaushwa kwa moshi, dagaa wetu waitwao kisense, unga wa mihogo, karanga. Kwa dada yako huingii mikono mitupu, hata kama umemkataza yeye kukuandalia.

Jumatatu

Tuliondoka jua halijatoka, kwa lori la samaki. Nililipa kiti cha mbele, karibu na dereva. Ni kilomita karibu 200, na kukaa juu ya vikapu mwendo wote huo nimewaachia vijana.

Njia hii nimesimuliwa tangu utoto. Zamani za Wabelgiji, wafanyabiashara Wagiriki walikaa Kasenga wakinunua samaki wa Luapula na kuwapeleka Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kulisha wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba. Wazee wetu waliwauzia mpumbu, samaki mkubwa aliyekuwa akipanda mto kwa makundi wakati wa mvua kwenda kutaga. Wakamvua palepale anapotaga, mwaka hadi mwaka, mpaka kufikia mwisho wa miaka ya 1940 akawa amekwisha karibu wote. Mimi nimekulia mtoni na mpumbu wa makundi sikumwona. Lubumbashi ilikuwa inakula kwetu kabla mama yangu hajazaliwa, na watu wanaosema mji na kijiji ni dunia mbili wangesafiri siku moja kwenye lori hili.

Baada ya Kasomeno vumbi lilitukaa kooni, kisha tukaanza kuzipita baiskeli za makala, yaani makaa ya kupikia. Magunia yamefungwa pembeni na juu, na mwenye baiskeli hapandi, anasukuma kwa miguu kutwa nzima, akifika mlima anaweka kigogo nyuma ya gurudumu apumzike. Dereva aliniambia alipoanza kazi hii mioto ya makala ilikuwa karibu na mji. Sasa wachomaji wanaingia ndani zaidi kila mwaka, na miombo iliyobaki karibu na barabara ni vichaka. Moto wa kupikia wa Katuba nzima unatoka huku.

Tulisimama kwenye peaji kulipia barabara, tukasimama tena kwa ukaguzi, tukaingia mjini jioni. Mdogo wangu alinipokea mlangoni: "Yaya, mulifika muzuri? Vitu vyote hivi ni vya nini?" Tulikula bukari, ndio ugali, na mchicha tunaouita lengalenga, pamoja na kipande cha samaki tomson kwa kila mtu. Hakuna kuku. Nilimshukuru kwa kushika neno lake.

Jumanne

"Yaya, tuamuke. Leo ni kazi mbili, watu watakuwa wengi." Kazi mbili ndiyo Jumanne kwa Kiswahili cha huku. Ilikuwa saa kumi alfajiri. Bomba la uani halijatoa maji kwa muda mrefu, kwa hiyo wanachota kwenye foraji, kisima cha kuchimbwa kwa mashine, ya jirani wa barabara ya pili. Tulipofika, bidoni, madumu ya manjano, zilikuwa zimeshapangwa mstari mrefu gizani, nyingine zimeandikwa jina kwa rangi, nyingine zimefungwa kitambaa shingoni ili mwenyewe aitambue. Bidoni inashika nafasi, mwenyewe anakwenda kuota moto kwa jirani. Ukiisogeza ya mwenzako utasikia sauti toka upande ambao hukumwona mtu. Mlinzi wa foraji anapokea franka mkononi kabla hajafungua bomba, na hakopeshi. Tulijaza zetu wakati jogoo wanaanza kuwika. Mdogo wangu alibeba moja kichwani na nyingine mkononi, akatembea bila kumwaga tone.

Kwetu binti yangu anashuka mtoni na kurudi kabla uji haujachemka, na hamlipi mtu. Lakini niseme na la pili, maana mimi ndiye niliyewahi kukaa usiku na mtoto wa jirani akiishiwa maji mwilini: mto wetu unaleta kipindupindu, kinaondoka na kurudi, na pia una mamba. Maji ya foraji ile yalikuwa safi, baridi, hayana harufu. Tangu siku hiyo sitaki tena kusikia maji ya kijijini yakisifiwa kwa kuwa ni ya bure.

Kisha shule. Binti wa mdogo wangu yuko mwaka wa pili wa humanite, yaani sekondari ya juu, shule yao iko katikati ya mji, na niliamua kwenda naye kwa saa yake na kwa njia yake. Kituoni watu hawakupanga mstari. Basi dogo lilipotokea, wote walikimbia kabla halijasimama. Mabasi mengi ya huku yana usukani wa kulia, na sisi Kongo tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo mlango unafunguka kuelekea katikati ya barabara, mahali magari mengine yanapopita. Wasichana wenye sare wanazunguka mbele ya basi, wanachungulia, wanaruka ndani. Mpwa wangu alinishika mkono, akaniambia kwa upole, "Mama mukubwa, musiangalie chini, muangalie gari inayokuja." Nilipanda. Tulikaa watu wanne katika kiti cha watatu, mimi nikiwa nimepakata mfuko wa mtu nisiyemjua, tukapita mtaa wa Kenya, tukapita Kamalondo, na kijana wa nauli akining'inia mlangoni akiita majina ya vituo.

Safari ilichukua karibu saa nzima, na mchana inarudiwa. Nilijiuliza mtoto anabakiwa na nguvu gani ya kusoma. Mpwa wangu alinijibu bila kuulizwa: anakariri ndani ya basi. Alitoa kikaratasi mfukoni, kimekunjwa mara nne, chenye fomula za kemia, akanionyesha jinsi anavyokishika ndani ya kiganja.

Msimamizi wa masomo alinipokea vizuri na akanifungulia maabara. Hapo niseme ukweli, moyo wangu ulienda. Meza ndefu, darubini zimefunikwa nailoni, chupa zenye majina, ukutani jedwali la elementi. Aliniwekea jani la kitunguu chini ya darubini nitazame, na niliona vyumba vidogovidogo vimepangana, kila kimoja na nukta yake. Nilimwomba anipe muda zaidi kidogo, akanipa.

Jumatano

Soko la Kenya. Nilitaka kumsindikiza mdogo wangu, maana yeye anauza nguo za mitumba kando ya soko, lakini nusu ya siku niliitumia kwa wauza samaki. Nilimkuta pale wetu, yule wa moshi mweusi wa Luapula, namjua kwa jinsi anavyopasuliwa mgongoni. Bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya ile tunayopewa sisi ufukweni. Katikati kuna lori, ushuru, mpokeaji, muuzaji wa jumla, na mama huyu anayekaa juani mpaka jioni. Sikumwonea wivu. Pembeni yake kulikuwa na maboksi ya tomson wa barafu kutoka Namibia, na watu walikimbilia huko kwa sababu ni wa bei nafuu.

Unga ndio ulionishangaza. Familia ya mjini inanunua unga wa siku hiyo, kopo mbili au tatu, unamiminwa kwenye mfuko wa plastiki. Mwingi unatoka Zambia kupitia Kasumbalesa, na mpaka ukikaza au Zambia ikizuia mahindi yake, bei inapanda hapa Katuba kabla habari haijasikika redioni. Sisi Kasenga mihogo iko shambani, unang'oa unapohitaji. Mtu akiniuliza tofauti kubwa niliyoiona, nitataja hii kabla ya magorofa na magari: mjini kila jioni chakula cha kesho bado hakijapatikana. Mdogo wangu ana akili na bidii, na bado kila jioni anahesabu franka mezani, za maji kando, za makala kando, za basi kando, za unga kando. Zikibaki, ndizo za minervali, karo ya shule.

Kwa upande mwingine, pesa ile ni yake. Aliitafuta mwenyewe, anaipanga mwenyewe, na shemeji haulizi. Kwetu mwanamke anakausha samaki wa mumewe na bei inapangwa na wengine. Haya tuliyaongea njiani tukirudi, naye hakunificha kwamba ndiyo sababu hatarudi kijijini.

Alhamisi

Siku ndogo. Nilikwenda kuona shule nyingine, ya karibu, ya kwenda kwa miguu kutoka nyumbani. Ni nzuri na wanafunzi wana adabu, lakini maabara ni kabati lililofungwa na ufunguo hakuna anayejua uko kwa nani. Jioni umeme ulikatika mpaka usiku wa manane. Watoto walisoma kwa tochi ya simu. Kwetu angalau sahani ya umeme wa jua iko juu ya paa na haimtegemei mtu. Baridi ilikuwa kali sana na blanketi nililitumia.

Ijumaa

Mdogo wangu alisema siwezi kurudi bila kutembezwa, nami nilikubali, maana binti yangu atatembea humu. Tulianza stesheni. Reli ilifika hapa mwaka 1910 ikitokea kusini, ndio mwaka mji ulipoanzishwa, na mwaka 1911 kiwanda kikayeyusha shaba ya kwanza. Bomba lake refu la moshi linaonekana kutoka karibu kila mahali, na pembeni yake ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba. Tulipita kanisa kuu la Petro na Paulo, la matofali. Mitaa ya katikati ni mipana, yenye miti. Wazee wa Kamalondo wanakumbuka kwamba kati ya mitaa hii ya wazungu na mitaa ya Waafrika kuliachwa uwanda mtupu kwa makusudi. Leo watu wa Katuba wanafika katikati kwa basi, lakini kulala hapa bado ni kwa wenye uwezo.

Katika Makumbusho ya Taifa nilisimama sana mbele ya misalaba ya shaba. Karne nyingi kabla ya Wabelgiji, watu wa Katanga walikuwa wanayeyusha shaba na kuimwaga kwenye kalibu ya umbo la msalaba. Ilikuwa pesa na ilikuwa mahari. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, wafu walizikwa nayo. Ningependa watoto wote wa kijijini waione. Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba ufundi uliletwa na garimoshi.

Jumamosi

Alfajiri tulisikia kilio nyumba ya tatu. Baba mmoja wa barabara hiyo alikuwa amefariki usiku. Nilikuwa nimesikia maisha yangu yote kwamba mjini watu hawajuani, unakufa na jirani anasikia baada ya wiki. Kabla ya saa tatu vijana walikuwa wamefunga turubai barabarani, viti vimekuja kutoka nyumba kama kumi, na daftari la michango linazunguka. Mdogo wangu aliacha biashara yake, siku ya Jumamosi ambayo ndiyo ya mauzo, akaenda kupika. Nilikwenda naye. Akina mama waliokuwa kwenye sufuria walikuwa Waluba, Wabemba, Warund, mmoja ametoka Kasai, na walipokezana mwiko bila kuulizana. Nilimenya mihogo nao mpaka mchana. Mmoja aliniuliza natoka wapi, nikasema Kasenga, akacheka kwa furaha: shangazi yake kaolewa Kashobwe, huku kwetu Luapula.

Ila niliona pia kitu kilichoniuma. Mjane anakaa nyumba ya kupanga, na siku ileile mwenye nyumba alikuja kutoa pole, kisha akamwita kaka wa marehemu pembeni. Hatukusikia neno, lakini wote pale walijua ni habari ya kodi. Kwetu mjane ananyanyaswa kwa njia nyingine, na ukoo unaweza kumtoa kwenye shamba. Lakini hakuna anayedai kodi kabla maiti haijazikwa.

Jumapili

Baada ya misa tulikaa kikao: mdogo wangu, shemeji, mimi, na mpwa wangu, maana nilitaka na yeye aseme. Kando, watoto wa kiume walikuwa wanabishana kwa sababu ya timu za mpira: shemeji ni mtu wa Lupopo, timu ya watu wa reli, kwa kuwa baba yake alikuwa wa reli, na watoto wake wote wamemgeukia Mazembe. Ubishi huo hauna mwisho katika nyumba hii.

Niliwaambia nilichokiona, kizuri na kibaya, bila kuzunguka. Shemeji alisikiliza, akasema, "Yaya, muliona vizuri. Sisi tulizoea, hatuoni tena." Mpwa wangu alisema peke yake anaogopa kituo cha basi jioni, wakiwa wawili hataogopa. Neno hilo lilinisaidia kuamua.

Tulikubaliana hivi. Binti yangu atakuja Septemba, ataingia shule yenye darubini. Atapokezana na mpwa wangu foleni ya maji, asiwe mgeni katika nyumba hii hata siku moja. Nauli na minervali ni zetu. Kila mwezi tutatuma gunia la unga wa mihogo na samaki wa kukaushwa kwa dereva yuleyule, ili mdogo wangu asimnunulie mtoto wangu chakula kwa kopo. Likizo ndefu binti anarudi Kasenga, na anafanya kazi ya mtoni kama kawaida, kwa sababu sitaki asahau kupasua samaki. Na mdogo wangu aliomba jambo ambalo sikulitarajia: mwanawe wa mwisho, mwenye miaka tisa, aje kwetu mwezi wa saba shule zikifungwa. Hajawahi kuona mhogo ukiwa ardhini. Nikasema aje, na akae mpaka atakapojua kuogelea.

Jumatatu

Lori lilirudi na sabuni, sukari na vipuri vya mashine za boti. Njiani nililala zaidi ya nilivyotazama.

Mume wangu aliuliza kwanza habari ya nauli, nikamwonyesha hesabu niliyoandika kwenye daftari, akakaa nayo kwa muda. Binti yangu aliuliza habari ya maabara. Nilimweleza jani la kitunguu, na vile vyumba, na nukta. Kisha nikamweleza saa kumi alfajiri, bidoni, mlango wa basi unaofunguka barabarani, na baridi, kwa urefu uleule, na nikamwambia ana siku tatu za kufikiri kabla ya kunijibu. Alijibu usiku uleule kwamba ataenda, akauliza kama foleni ya maji inaanzia kulia au kushoto.

Minervali ya kwanza inatakiwa kabla ya Septemba, kwa hiyo kuanzia kesho nakausha kisense.